Kilemba cha Gunia

Isyonje, Julai. Ukungu umekaa barabarani kama mgeni asiyeaga,
na kengele ya kanisa, rimu ya lori iliyotundikwa,
inagongwa na mtoto mwenye makamasi.

Ndani, Ambilikile Mwaisumo amesimama mbele,
kofia mkononi, yeye aliyetununulia viazi misimu kumi na miwili
kwa lumbesa:
gunia likijaa linavishwa kilemba,
kilemba kikijaa kinashonewa kamba,
na bei ni ile ile. Gunia ni gunia, mama,
hutaki, barabara hiyo, kauze Uyole.

Mama hakuwa na lori la kumfikisha Uyole.

Kilemba kile kilikuwa ada ya Ipyana.
Neema, ndiyo maana yake kwa lugha ya nyumbani.
Neema akaacha shule kidato cha pili,
Neema akaenda Chunya kuchimba dhahabu ya watu,
na shimo likamfunika Neema siku ya Alhamisi,
saa ambayo mimi nilikuwa nachuma pareto, naimba.

Sasa huyu analia. Machozi ya kweli, nakiri,
nimeyatafutia dosari nimekosa.
Mchungaji Mwakalobo anasema damu imekwisha lipa,
tumpokee ndugu yetu, tusimame, tuimbe.
Mabenchi yanalia. Watu wanasimama.
Mama hasimami.

Nimewahi kumuuliza Mungu, usiku, bila adabu:
ukimsamehe huyu, Ipyana umemweka wapi?
Hata kama hakimu ni wewe,
nani kakutuma ufute deni ninalodai mimi?
Na usipofuta,
nitajificha wapi mimi,
niliyempa Ipyana nauli ya kwenda?

Mama anafungua fundo la kitenge, anatoa daftari la marehemu,
lile la hesabu, kurasa za nyuma.
Anasoma kama mtu anayehesabu mbegu:
mwaka wa kwanza, madebe mawili juu ya kila gunia,
magunia kumi na tisa.
Mwaka wa pili, mvua ya mawe, magunia sita,
vilemba sita vile vile.
Anasoma mpaka watoto wanasinzia.
Anasoma mpaka Ambilikile anakaa chini, sakafuni,
si kwenye benchi.
Mwisho anasema, mtoto mmoja,
na hapo hataji ni madebe mangapi.

"Mchungaji, usimsamehe kwa lumbesa.
Pima kwanza.
Ukiurundika tu msamaha juu, ukashona,
huyu hatajua alibeba nini,
na yule aliyelipa
hatutajua alilipa kiasi gani."

Daftari analiweka mezani, kando ya mkate na kikombe.
"Yamo yote. Mimi sina pengine pa kuyadai.
Ila viazi, Ambilikile, viazi unavyo. Vilete."

Nikautazama msalaba ukutani, mbao mbili za mkaratusi
alizozipigilia fundi Sikujua, mmoja wa pande umeshuka kidogo,
na kwa mara ya kwanza nikaona mizani
iliyokosa sahani:
pale sahani zinaponing'inia,
mikono.

Hilo niliona. Sisemi nilielewa.

Jumatatu alikuja kwa miguu, gunia mgongoni,
mdomo wa gunia umefungwa bapa, bila kilemba.
Mama akasema, weka hapo.
Hakusema asante, wala yeye hakuingoja.
Akachomoa kiazi kimoja, akakifukia kwenye majivu,
tukakaa watatu, moshi ukituchagua kwa zamu.
Kilipoiva akakipasua kwa kidole gumba,
nusu akampa yeye, nusu akanipa mimi,
mwenyewe akalamba chumvi.

Nikapima kwa macho.
Cha kwake kilikuwa kikubwa.

Tangu siku ile silali vizuri,
na kila nikiamka usiku
naikuta njaa yangu imepungua kidogo.